Sanduku Nyuma ya Watu Watatu

Nimeuguza wazee, nimeosha vidonda vilivyooza, na nimeishi Michenzani ghorofa ya nne miaka ile bomba la maji machafu la majirani lilipokuwa likivuja ukutani kwangu. Hakuna hata kimoja katika hivyo kilichonitia kinyaa kama gemu ya Kijapani aliyoniachia mume wangu. Uchafu huoshwa ukatoka. Kinyaa hiki ninacho mpaka leo, na naandika haya nikiwa nimekunja uso.

Mume wangu alikuwa akitoa magari bandarini kwa niaba ya wanunuzi. Magari yanayokuja kwetu yameshatumika Japani, na mara nyingi huja yamejazwa vikorokoro: baiskeli, vyombo, magodoro ya watoto. Siku moja alirudi na mfuko alioukuta chini ya kiti cha nyuma, mwenye gari kamwambia auchukue tu. Ndani mlikuwa na mashine ya gemu ya zamani, ya kijivu iliyogeuka manjano, pedi moja ya kuchezea, kaseti moja, na pakiti ya biskuti zilizoota ukungu wa kijani. Biskuti nilizitupa mwenyewe. Nikamwambia na mashine aitupe, kwa sababu vitufe vya pedi ile vilinata, na kunata kule kulitoka kwenye vidole vya mtu nisiyemjua. Hakunisikiliza. Alivisugua kwa pamba na spiriti, akatafuta transfoma, kwa kuwa vitu vya Japani haviwezi umeme wetu, akaiunganisha na televisheni ya sebuleni. Tokea hapo nikawa naishi na mngurumo wa transfoma ubavuni mwa kochi langu.

Mtu mzima yule, mwenye mvi, akitoka kuswali Alasiri alikuwa akikaa chini kwenye zulia, miguu ameikunja, anacheza. Kijapani hakukijua hata herufi moja. Maneno yalikuwa yakijitokeza chini ya kioo kama njiti za kiberiti zilizomwagika, naye akiyatazama kwa heshima mpaka yaishe, kisha akibonyeza. Nilimuuliza watu wale wanasema nini. Akanijibu kuwa hajui, lakini anaona wanasema kwa adabu.

Adabu ipi? Mchezo wenyewe ulikuwa hivi: wasafiri wadogo wanne wanatembea kwa mstari, mmoja nyuma ya mwenzake, katika nchi ya vijiji na misitu iliyojaa majini. Wakikutana na jini wanapigana. Wakifika kijijini wanaingia nyumba za watu bila ya hodi, moja kwa moja mpaka chumba cha kulala, wanafungua makabati, wanavunja mitungi na kuchukua kilichomo, na mwenye nyumba amesimama pale pale anazungumza nao. Nilimwambia mume wangu kuwa hao si mashujaa, ni wezi wa mchana kweupe. Akaniapia kuwa yeye hafungui kabati la mtu. Na kweli hakufungua. Alikuwa na haya zake, hata ndani ya televisheni, na nadhani ndiyo maana miaka ikapita na hakufika popote. Alikwenda kijiji hadi kijiji, akasalimia kila mtu, wakubwa kwanza, akatoka.

Siku moja aliniambia, bila ya kugeuza shingo, "Sote tumo humu. Na wewe umo."

Nikamwambia anitoe. Akacheka, na mimi nikaingia jikoni, na sikutazama tena kilichokuwa kikiendelea kwenye kioo kile mpaka alipokufa.

Alikufa kwa sukari, asubuhi, na ilipoadhiniwa Alasiri alikuwa keshazikwa kwao Makunduchi. Kwetu maiti hacheleweshwi, na wanawake hatwendi makaburini. Nilikaa chumbani na wanawake wenzangu, nikasikia tahlili ikishuka ngazi ghorofa baada ya ghorofa, ikizidi kuwa ndogo, kisha milango ya magari ikifungwa. Basi. Shemeji yangu, kaka yake mkubwa, aliporudi nilimuuliza kaburi liko upande gani, lina kivuli au liko juani, na pale pana udongo au ni mawe matupu. Akajibu kuwa kila kitu kimekwenda vizuri. Nikauliza tena. Akasema hakutazama sana, alikuwa na simu za watu wanaotoa pole. Nilimchukia pale pale na sijaona sababu ya kuacha.

Nilichokitaka ni kumwona akiingia ardhini. Sikuomba arudi, maana hilo haliombwi. Nilitaka kuona kwa macho yangu kuwa amefika. Mtu umelala naye chumba kimoja nusu ya umri wako, kisha anashushwa ngazi kama kabati linalohamishwa, na wewe unaletewa habari kuwa yamekwisha. Hilo halikunipita kooni, na linapokwama kooni halina jina zuri zaidi ya kinyaa.

Nikakaa eda, ndani ya nyumba, nguo zisizo na nakshi, bila ya manukato wala wanja, kama inavyompasa mjane. Aliyekuja kukaa nami ni wifi yangu, dada yake mkubwa, kutoka Makunduchi. Ni mkulima wa mwani, mikono imempasuka kwa chumvi, na ulimi vile vile. Aliuacha mwani wake baharini akaja na mkeka wake mwenyewe, kana kwamba mikeka yangu ina upele. Ndiye aliyekuja kumpikia mume wangu zamani, niliporudi kwetu Tumbatu kumuuguza mama, na maradhi ya mama yakazidi mwaka. Tokea wakati ule alikuwa akinihesabu kuwa mke aliyemwacha mume na njaa. Na kwa vile sikujaaliwa kuzaa, alikuwa na la pili la kunihesabia. Kila asubuhi nilimwambia shikamoo, naye akaitika marahaba huku akinikagua kama nimetia poda.

Wageni wa pole walikuja, wakala, wakaniuliza marehemu ameacha nini, wakaondoka. Khitma ikapita. Nyumba ikawa kimya, na mimi nikawa sina kazi ila kutazama transfoma ile kimya ubavuni mwa kochi. Siku moja, baada ya kufagia, nikaiwasha.

Wifi yangu aliona kuwa televisheni haiwashwi kwenye nyumba ya eda. Alinipa maneno, kisha akageuza mkeka wake, akakaa ametupa mgongo, anapeta mchele. Na ndivyo alivyokaa siku zote zilizofuata, mgongo kwangu.

Kwenye kioo palikuwa na mstari mmoja tu wa maandishi, nikaubonyeza, na mchezo ukafunguka pale pale alipouacha. Mbele kulikuwa na mwanamume mwenye kofia ya chuma ya buluu. Nyuma yake mwanamke mwenye kanzu nyeupe. Nyuma yake mzee wa ndevu. Wa nne hakuwa mtu. Lilikuwa sanduku la maiti, lina msalaba juu, limekaa mwisho wa mstari. Nikabonyeza hatua moja mbele. Watatu wakatembea, na sanduku likaburuzika nyuma yao. Nikasimama, likasimama.

Nilipata kichefuchefu cha kweli, cha kwenda kuinama bafuni. Niliporudi nilikuwa nshaelewa, au nilidhani nimeelewa. Alisema sote tumo. Mwanamke wa kanzu nyeupe ni mimi. Mzee wa ndevu ni baba mkwe, Mungu amrehemu. Yule wa mbele ni shemeji, kwa sababu shemeji hutangulia kila mahali bila ya kuombwa. Mume wangu hakuwahi kutangulia popote, hata msikitini alipenda safu ya nyuma. Kwa hiyo aliyemo sandukuni ni yeye. Amekufa nje, na ndani amekufa, na hawa watatu wanamkokota mchana kutwa kwenye vumbi, hajaoshwa, hajaswaliwa, hajazikwa. Nami mke wake nimo katika mstari, natembea mbele yake kama sina habari.

Sina ugomvi na msalaba. Jirani yangu wa chini ni Mkristo kutoka bara, na tunapelekeana vyakula kwenye sikukuu zetu na zao. Lakini kila mtu ana taratibu za maiti wake, na zetu hazina sanduku. Jeneza letu humbeba maiti mpaka kaburini, kisha hurudi msikitini. Kukaa ndani ya sanduku, mwezi baada ya mwezi, ukivutwa kama mkokoteni wa Darajani, hilo sijui ni la dini gani.

Nikaamua nitamzika.

Sikumwambia mtu. Nikajifunza pedi kwa kubonyeza, nikajua lipi ni neno la kuzungumza na lipi la kukimbia. Majini hayakunisumbua sana, maana mume wangu aliwalea wale watatu kwa miaka na walikuwa na nguvu. Kijiji cha kwanza hakikuwa na makaburi. Nikasalimia kila mtu humo, nikitumaini atakuwepo mmoja wa kunionesha njia, wakanimwagia njiti zao za kiberiti. Jioni ya kijiji ikaingia, nikawapeleka nyumba ya wageni. Wakalala vitandani, na sanduku likawekwa sakafuni kati ya vitanda. Asubuhi ukapigwa muziki wa furaha. Nani anapiga muziki wa furaha chumba kina maiti?

Makaburi niliyapata kijiji kingine, nyuma ya miti, mawe yamepangwa safu. Nikawaingiza. Najua nilichokuwa nikifanya: mwanamke wa eda, natembea mbele ya maiti kwenda naye makaburini, jambo ambalo nisingelithubutu kwa miguu yangu. Nilikwenda jiwe hadi jiwe nikibonyeza. Kila jiwe lilikuwa na maneno yake, na hakuna lililofunguka. Jiwe la pembeni kabisa likalia kwa furaha, na picha ya mfuko mdogo ikatokea, na nikajua kuwa nimepata kitu. Nimepekua kaburi la mtu nikachukua kilichokuwemo. Nilikwenda kunawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, ingawa mikono ilikuwa haijagusa kitu ila pedi.

Wifi yangu akaniuliza, bila ya kugeuka, nnafanya nini siku zote hizo.

"Nnamalizia kazi ya marehemu," nikamwambia.

"Marehemu kazi zake zishakwisha," akasema, akaendelea kupeta.

Nilitafuta makaburi mengine. Niliwapeleka jangwani, nikabonyeza mchanga, labda ardhi ichimbike. Niliwapeleka pwani. Niliwapitisha kwenye kinamasi cha rangi ya zambarau kilichokuwa kikiwaunguza miguu kila hatua, na sanduku likapita humo humo, tope juu yake. Nililaani Wajapani, nikamlaani aliyesahau mfuko ule kwenye gari, nikamlaani na mume wangu, kisha nikaomba msamaha kwa kumlaani marehemu, kisha nikamlaani tena. Sikuwa mwendawazimu. Nilijua kuwa ni picha. Lakini kila nikizima na kwenda kulala nilikuwa najua yuko pale ndani, hajafika.

Jambo lililonifungua macho lilinijia nikiwa natia udhu. Kwetu maiti hatoki nyumbani akaenda moja kwa moja kaburini. Hupitishwa msikitini kuswaliwa kwanza, kisha ndiyo ardhi humpokea. Nimeruka hatua. Nilimpeleka makaburini mtu ambaye hajaswaliwa, ndiyo maana hakuna jiwe lililomfungukia. Na katika nchi ile nyumba ya ibada ilikuwa moja tu kila kijiji, jengo jeupe lenye msalaba, ambalo nililipita kwa mbali siku zote. Nilisita sana. Mwisho nikasema, Mola anajua nia yangu, na mimi sikuiumba nchi hii.

Baada ya Alasiri nikawaingiza. Ndani kulikuwa na mtu amesimama, kavaa joho, nyuma ya meza ndefu. Nikamsalimia. Akaleta maneno mengi, kisha mistari minne ya kuchagua. Nikachagua wa pili, kwa kukisia. Akauliza tena, nikakubali. Pesa za wasafiri zikapungua, nikaona ni sadaka, sawa, hata kwetu hutolewa sadaka ya maiti. Nikaweka pedi chini na kuinua mikono kumwombea mume wangu.

Kioo kikawa cheupe chote. Ukapigwa muziki mfupi wa kupanda, na lile sanduku halikuonekana tena, na mahali pake pamesimama mtu.

Nilikuja kumzika, na wao wamemwinua. Wamemtoa katika mauti kwa pesa, wamemsimamisha mwisho wa mstari atembee tena na kufa tena. Hakuna tusi ninalolijua lenye ukubwa wa kutosha kwa jambo lile. Nikainua pedi niitupe ukutani.

"Muziki huo sijapata kuusikia," wifi yangu akasema. Alikuwa amegeuka, kwa mara ya kwanza, ungo bado uko mapajani. "Kuna nini?"

"Mdogo wako," nikamwambia. "Nlitaka kumzika. Nlimleta aswaliwe, wamemfufua."

Alinitazama mimi, akakitazama kioo, akasogea karibu akitambaa kwa magoti, maana macho yake si mazuri.

"Mdogo wangu, mumeo, ndo yule wa mbele," akasema. "Huyo wa kanzu nyeupe ni mimi. Yule mzee, baba. Aliyekuwa sandukuni ni wewe."

Ndipo nilipomtazama vizuri yule aliyeinuka. Alikuwa mwanamke, mwenye nguo nyekundu na fimbo mkononi.

Wifi yangu akanieleza, polepole, kama anayemweleza mgonjwa. Mchezo ule mume wangu aliuanza upya mwaka nilipokuwa Tumbatu. Yeye alikuwa akikaa naye jioni, akamwona akituchagua mmoja mmoja, mimi wa kwanza. Nikauawa mapema sana, na jini moja la kisimani. Wala mume wangu hakujua namna ya kuniinua, na kwenye jengo la msalaba hakutaka kuingia, kwa sababu zile zile zangu. Lakini mji wa kwanza ulikuwa na baraza la kahawa, wasafiri wamekaa wanangoja kuitwa, na walikwishagundua kwa kubonyeza kuwa unaweza kumwacha mtu wako pale na kumchukua mwingine.

"Nlimwambia akuache pale achukue mwingine mzima," akasema. Alikuwa akitazama mikono yake. "Mara nyingi nlimwambia."

Nilijua alimwambia hivyo na nje ya gemu, mwaka ule ule, na baada yake. Naye alijua kuwa najua. Hatukuwahi kulitaja, yeye na mimi, kwa miaka yote hiyo ya shikamoo na marahaba.

"Akasemaje?" nikamuuliza.

"Kasema, ntamkokota."

Kinyaa kikanipanda kutoka miguuni. Miaka yote ile mimi niko jikoni namkaangia mandazi, na yeye yuko sebuleni ananikokota, maiti, hajaniosha, kwenye vinamasi na majangwa, ananilaza sakafuni kwenye nyumba za wageni na kuamka na muziki. Mwanamume gani anafanya hivyo? Nilitaka kumtukana, yeye na dada yake pamoja. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni kilio, kile ambacho siku ya maziko hakikuja na watu wakanong'ona kwa nini hakikuja. Nililia mpaka kamasi zikanidondokea kifuani, na sikuzifuta. Wifi yangu, ambaye sikumpenda na mpaka leo simpendi, alisukuma ungo pembeni, mchele ukamwagika zuliani, akanishika kichwa kwa mikono yake iliyopasuka. Kwenye kioo wote wanne walikuwa wamesimama wananingoja, wa mwisho mimi, kwa miguu yangu. Yule wa mbele alikuwa ameelekea kule anakokwenda, kama mtu ambaye hajaambiwa kuwa nimeinuka.